Kuotesha jicho kwenye mguu wa nzi wa matunda

Jeni ya eyeless, kwa kifupi ey, ndiyo inayoanzisha uumbaji wa jicho la nzi wa matunda. Ikiharibika, jicho hudumaa au hukosekana. Mwaka 1995 Halder, Callaerts na Gehring huko Basel waliiwasha mahali isipofanya kazi kwa kawaida, na macho yakaota miguuni, mabawani na kwenye vipapasio. Hata jeni ya panya, Pax6, iliotesha jicho, tena la nzi, si la panya. Ni jaribio zuri mno, na Nairobi linawezekana ukidhibiti joto.

Unahitaji nzi wenye UAS-ey (jeni ya ey iliyofungwa kwenye swichi iitwayo UAS) na nzi wenye dpp-GAL4 pamoja na kromosomu ya TM6B yenye Tb, alama inayofanya pupa awe mfupi na mnene. Protini ya GAL4 hushika UAS na kuwasha ey popote jeni ya dpp inapofanya kazi. Kwa kuwa nzi hawa wamebadilishwa jeni, pata idhini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia kabla ya kuwaagiza.

Chakula: maji lita 1, agari gramu 10, unga wa mahindi gramu 70, sukari gramu 80, hamira kavu gramu 20. Kwa mwinuko wa Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo usiharakishe. Koroga kwa dakika 20 hivi. Uji usioiva hujitenga na maji na mabuu huzama. Ukishapoa chini ya nyuzi 60, tia dawa za kuzuia ukungu: mililita 10 za nipagini ya asilimia 10 katika ethanoli, na mililita 4 za asidi ya propioniki. Ukizitia uji ukitokota, zitavukiza na ukungu utavamia. Mimina, funika kwa kitambaa, na uzibe kwa pamba kesho yake chupa zikiwa hazina matone.

Majike lazima wawe hawajapandwa. Ondoa nzi wazima wote, kisha kusanya wanaotoka ndani ya saa 8 kwa nyuzi 25. Jike mchanga amepauka na ana doa jeusi-kijani tumboni. Ukiwa na shaka, tazama miguu ya mbele: dume ana kichana cha nywele nyeusi. Jike mmoja aliyekwisha kupandwa huharibu chupa nzima, kwani huhifadhi mbegu.

Changanya majike 10 wa UAS-ey na madume 5 wa dpp-GAL4, ndani ya inkubeta ya nyuzi 25. Usitegemee joto la chumba: usiku wa Julai ni baridi, na GAL4 hulegea kwenye baridi, hivyo macho hayaoti au huwa madogo. Nyuzi 29 huzidisha nguvu, lakini pia vifo.

Usingoje watoke wenyewe, maana wengi hufia ndani ya ganda. Siku ya 9 au 10 chagua pupa warefu. Wafupi wanene wana Tb, hawana dpp-GAL4. Walowanishe, upasue ganda kuanzia kichwani kwa vibano viwili vyembamba, chini ya hadubini. Kagua miguu, mizizi ya mabawa na vipapasio. Jicho la kweli lina vijicho vidogo vilivyojipanga kwa safu. Doa lisilo navyo usilihesabu. Rangi ikiwa ya machungwa usihofu, hutegemea nakala za mini-white, jeni ya rangi ya macho inayobebwa na nzi hawa.

Zalisha pia kila aina na w1118, nzi wa macho meupe wasio na UAS-ey wala GAL4, kwa ulinganisho: hapo hapapaswi kuota jicho la ziada. Chupa zilizokwisha zigandishe kwa nyuzi -20 usiku kucha kabla ya kuzitupa.