Somo: Mapenzi ya watengwa wawili, Kansas 1879

Hadithi nyingi za makauboi ninazoletewa nizipitie zina ugonjwa mmoja. Watengwa wawili wanakutana ukurasa wa pili, wanalia ukurasa wa tatu, na ukurasa wa kumi wanakumbatiana jua likizama. Kutengwa kwao ni pambo tu: ukiliondoa, hadithi inabaki vilevile. Leo nataka tujenge hadithi ambayo kutengwa ndiko kunakowakutanisha na ndiko kunakowazuia kuoana. Machozi tutayatumia kidogo. Kazi kubwa tutaiachia sheria ya ardhi.

Hatua ya 1: Chagua mwaka na sehemu unayoweza kuizunguka kwa miguu

Usiseme tu "Magharibi ya Marekani, zamani." Zamani ipi? Mwaka 1865 vita vya wenyewe kwa wenyewe vinakwisha na ng'ombe wa Texas hawana soko. Mwaka 1885 waya wa miiba umeshafunga njia na enzi ya kuswaga ng'ombe mwendo wa miezi inaaga. Ni miaka 20 tu, lakini dunia mbili.

Mimi nimechagua 1879, kaunti ya Graham, kaskazini-magharibi mwa Kansas, jirani na Nicodemus. Huu ni mji ulioanzishwa 1877 na watu Weusi, wengi wao kutoka Kentucky, waliozaliwa utumwani. Kundi kubwa la kwanza, karibu watu 300, lilifika Septemba mwaka huo. Walishuka treni Ellis, wakatembea. Mbao hazikuwapo, basi walichimba nyumba ubavuni mwa vilima, wakaezeka kwa nyasi na udongo. Mwanamke mmoja aliyefika 1878 alisimulia baadaye kwamba aliuliza mji uko wapi, akaonyeshwa moshi unaotoka ardhini. Alilia. Ukipata jambo kama hilo, usilipambe. Moshi unatoka ardhini, mtu anauliza mji uko wapi. Basi.

Hatua ya 2: Nani amewatenga, na unaonaje kwa macho?

Hapa sisi tuna mtaji. Nani kati yetu hajui mtu akitengwa kijijini inakuwaje? Hakuna kuazimana jembe, hakuna kuombana moto, na akifiwa anachimba kaburi na wanawe. Hakuna anayemtukana. Kinachomuumiza ni vile vitu vidogo ambavyo havitokei tena.

Tumia ujuzi huo. Shujaa wangu, Elias Ward, alikuwa askari wa kawaida wa Kikosi cha 10 cha wapanda farasi, kikosi cha askari Weusi, akilipwa dola 13 kwa mwezi. Akiwa Fort Concho, Texas, alitoa ushahidi dhidi ya askari mwenzake katika mahakama ya jeshi. Alisema kweli, na kweli hiyo ilimpeleka mwenzake gerezani. Nduguye mfungwa huyo anaishi Nicodemus. Sasa Elias akiingia mjini, mazungumzo yanahamia kwenye hali ya hewa.

Hester Tolliver alikuwa dobi wa jeshi. Kila kombania iliruhusiwa madobi wake, wakipewa posho ya chakula, mpaka mwaka 1878 Bunge lilipoufuta utaratibu huo. Akapoteza kazi, na kabla ya hapo alishampa talaka mume anayependwa na kila mtu. Wanawake wa kanisani hawajamfukuza. Wanajaza benchi tu kabla hajakaa.

Angalieni nilichokwepa. Sikuwafanya watengwa kwa sababu ni Weusi. Karibu kila mtu mjini pale ni Mweusi. Jamii iliyosukumwa pembeni nayo ina pembe zake, na huko ndiko hadithi iliko.

Hatua ya 3: Wakutanishe kwa kazi

Sio kwa farasi aliyeshtuka na mwanadada akadakwa kiunoni. Tafadhali.

Nyati walikuwa wamekwisha kuuawa eneo lile. Kilichobaki ni mifupa, nyeupe tambarare nzima, na wenye mashamba wapya waliiokota wakaiuza kwenye vituo vya reli ili isafirishwe kwenda kutengenezwa mbolea. Kwa wengi ndiyo pesa ya kwanza waliyoishika kabla shamba halijatoa punje. Hester anajua ilipo mifupa mingi. Elias ana mkokoteni. Kipande nilichoandika ni hiki:

*Elias aliinua fuvu kwa pembe. Mjusi akachomoka kwenye tundu la jicho.*

*"Mimi naokota mpaka kwenye kigingi," Hester alisema bila kumtazama. "Kutoka hapo ni yako."*

*"Mkokoteni ni mmoja, Bi Tolliver."*

*"Na huko stesheni mizani ni moja. Nitaijuaje yangu?"*

*Akatoa kipande cha mkaa mfukoni, akaanza kuitia alama mifupa yake, mmoja mmoja. Walipofika Ellis siku ya pili, mvua ilikuwa imefuta alama zote.*

Hakuna neno la mapenzi hapo. Lakini msomaji ameshajua kwamba kuna hesabu haitafungwa, na anataka kuona nani atasema "tugawane nusu kwa nusu."

Hatua ya 4: Kikwazo kiwe na karatasi

Hii ndiyo hatua niliyoandikia somo zima, kwa hiyo tulieni.

Sheria ya makazi ya 1862 ilimpa mtu ekari 160, karibu hekta 65, kwa ada ndogo, mradi aishi pale na kulima miaka 5. Alitakiwa awe na miaka 21 au awe mkuu wa kaya, na awe raia au ametangaza nia ya kuwa raia. Mwanamke asiye na mume, mjane au aliyeachika aliruhusiwa kudai ardhi kwa jina lake. Mke wa mtu, kwa kawaida, hakuruhusiwa.

Mnaona mtego? Hester ana haki ya ekari 160 *kwa sababu* ya talaka ileile inayomtenga kanisani. Elias ana 160 zake upande wa pili wa kigingi. Wakioana, mume na mke wanahesabiwa kaya moja, na kaya moja haiwezi kudai inaishi kwenye mashamba mawili. Mmoja lazima aachie. Kwa mwanamke ambaye mama yake aliuzwa mnadani, kuachia hati ya ardhi yenye jina lake si jambo la "mapenzi hushinda yote."

Kuna njia ya mkato: baada ya miezi 6 mtu angeweza kulipia, dola 1.25 kwa ekari, halafu shamba ni lake bila kungoja. Fanya hesabu. Dola 200 kwa shamba moja. Ni zaidi ya mshahara wa Elias wa mwaka mzima jeshini. Mifupa mingapi hiyo?

Halafu kuna macho ya watu. Yeyote angeweza kupeleka pingamizi ofisi ya ardhi kwamba fulani haishi kwenye shamba lake. Kwa hiyo jirani mwenye chuki hahitaji bunduki. Anahitaji kuhesabu asubuhi moshi unatoka kwenye nyumba ipi. Usiku wa kwanza Hester asiporudi kwake kwa sababu ya theluji, tatizo si aibu. Tatizo ni kwamba bomba lake halikutoa moshi, na kuna mtu ameliona.

Na msumari wa mwisho: ili kuthibitisha dai lako baada ya miaka 5, ulihitaji mashahidi wawili wa kuapa kwamba kweli uliishi pale. Tena kuanzia 1879 tangazo lilitakiwa kutolewa gazetini pamoja na majina ya mashahidi. Mtengwa atapata wapi wawili? Elias anaye mmoja, Hester. Hester anaye mmoja, Elias. Shahidi wa pili wa kila mmoja lazima atoke mjini, kwa wale wale wanaojaza benchi, na jina lake lichapwe hadharani kwamba amesimama upande wa mtu huyu.

Hapo sihitaji jambazi.

Hatua ya 5: Waongee kama watu wa heshima zao

Msiwape Kiswahili cha kijiweni. Watu wale waliitana kwa majina ya ukoo, hasa waliotoka utumwani, ambako mtu mzima aliitwa kwa jina la kwanza kama mtoto. "Bi Tolliver" kinywani mwa Elias ni heshima aliyonyimwa mama yake. Kwa hiyo siku atakayomwita "Hester" iwe tukio. Mimi nimeiweka sura ya tisa, akiwa kisimani, anapiga kelele kwa sababu kamba imekatika. Hakuna wakati wa kusema Bi Tolliver.

Hatua ya 6: Mwisho

Msomaji wa mapenzi amelipia wapate kuwa pamoja, mpe. Ila mwenye kulipa gharama awepo. Wengine zama zile walijenga kibanda juu ya mpaka wenyewe, kitanda kimoja huku, kingine kule, ili kila mmoja alale kwake. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu. Wangu wanajenga hivyo, na wanangoja miaka 5.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Tanga: *Shikamoo mwalimu. Je, ningependa Hester awe Mzungu, ingewezekana kisheria?*

Marahaba. Inategemea umewaweka wapi, ndiyo maana nimesisitiza hatua ya kwanza. Kansas ilifuta katazo la ndoa za rangi tofauti mwaka 1859, kabla hata haijawa jimbo. Texas ililishikilia mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipoyafuta yote 1967. Kwa hiyo wapenzi wale wale Kansas wanapambana na ndimi za watu, Texas wanapambana na jela. Usichanganye. Ila ukibadilisha, hatua ya 2 yote inabidi uiandike upya, maana sasa anayewatenga ni mwingine.

Mwanachama, Mombasa: *Mimi nataka mhusika wangu wa kike awe Mchina, baba yake alijenga reli. Anaweza kupata ekari hizo?*

Hapana, na hiyo ni hadithi kali kuliko yangu. Wachina hawakuruhusiwa kuwa raia kwa kujiandikisha, kwa hiyo mlango ule ulikuwa umefungwa. Reli ya kuvuka bara ilikamilika Utah tarehe 10 Mei 1869 kwa jasho lao. Mwaka 1875 ikaja sheria iliyowabana hasa wanawake wa Kichina wasiingie, na 1882 ikaja ya kuwazuia vibarua wote. Wanawake wa Kichina walikuwa wachache mno, kwa hiyo mji mdogo wote ungemjua wako. Akimpata mwenye shamba, ardhi haitakuwa na jina lake. Anza hapo.

Mwanachama, Mwanza: *Kaka, hadithi ya makauboi bila kupigana risasi nani atasoma?*

Nimelelewa kwenye vibanda vya video kama wewe, naelewa. Weka bunduki, lakini ujue kwamba hata Dodge City, mji uliosifika kwa vurugu, ulikuwa na amri ya kukataza kubeba silaha upande wa kaskazini wa reli. Risasi moja inayowagharimu kitu inatosha. Ukiipiga, iue ng'ombe wa maziwa. Nakuhakikishia watalia.

Mwanachama, Bujumbura: *Hiyo ardhi ya bure ilikuwa ya nani kabla?*

Swali hili nilipaswa kuliweka kwenye somo lenyewe, nimekosea. Tambarare zile ziliwindwa na Wapawnee, Wacheyenne na wengine, wakasukumwa kwa mikataba na mabavu. Septemba 1878, mwaka mmoja tu kabla ya hadithi yetu, Wacheyenne wa Kaskazini walitoroka eneo walilofungiwa na serikali kusini, wakapita magharibi mwa Kansas wakirudi kwao, jeshi likiwafuata. Watu waliuawa pande zote mbili. Na simulizi za Nicodemus zinasema majira yale ya baridi ya kwanza, Waosage waliotoka kuwinda ndio waliowagawia chakula. Elias alikuwa askari. Alitumwa kuwafukuza watu wa aina gani? Hester atamuuliza siku moja wakiokota mifupa, na sidhani ana jibu zuri.

Mwanachama, Dodoma: *Vipi kuhusu mambo ya chumbani?*

Miaka 5, vitanda viwili, mpaka katikati. Ukishindwa kupata joto hapo, mimi sina msaada.

Mwanachama, Nairobi: *Na baada ya hati zao kutoka? Mji unawakubali?*

Nimeandika sura moja fupi ya mwaka 1888. Reli iliyosubiriwa ikaipita Nicodemus, ikajengwa kusini ya mto, na wenye maduka wengi wakahamia huko. Nyumba ya wale wawili bado iko juu ya mpaka ambao haugawi kitu tena. Kinachobadilika ni hiki: yule ndugu wa mfungwa anakuja kuaga, ana mizigo, hana mkokoteni. Elias anatoka nje kufunga ng'ombe wa kukokota. Hester anasimama mlangoni na kipande cha mkaa, anauliza vitu vya nani viwekewe alama.