Kuna mmea umeota wenyewe bustanini? Usiung'oe wala kuupika kwanza

Masika ikianza, na kama ulimwaga samadi, tuta linaota vitu ambavyo hujapanda kabisa. Mi nalima mboga nyuma ya nyumba na hivi ndo navyofanya.

Hatua ya kwanza ni kuuacha. Miche midogo inafanana sana, chomeka kijiti pembeni usubiri utoe maua. Isipokuwa gugu karoti, lile lenye majani yamechanika chanika kama ya karoti, hilo ng'oa mapema kabla halijatoa maua, na uvae glavu maana linawasha ngozi.

Pili, angalia majani na shina kwa karibu. Mchicha wa miiba una miiba miwili pale kikonyo cha jani kinapoanzia, mchicha wa kawaida hauna. Mgagani majani yake ni kama vidole vitano vimetoka sehemu moja, na ukishika shina linanata.

Tatu, vunja kipande uone utomvu. Hapa watu wanakosea sana kwenye tako la hasani, ile mboga inayotambaa, majani yake manene na ukivunja inatoa maji tu, sasa kuna majani mengine ya jamii ya mziwaziwa nayo yanatambaa vile vile, ukivunja yanatoa maziwa meupe, hayo usile na usijiguse macho kabla hujanawa.

Nne, maua na matunda, hapa ndo pa kutulia jamani. Mnavu na mnanaha ni ukoo mmoja, na vikiwa vichanga vinachanganya. Msimu uliopita mama mkwe alishachuma mnavu umejaa ungo, nikaona majani kadhaa makubwa yana meno meno pembeni, nikafikicha moja, harufu mbaya! Tukamwaga zote. Nilipoliacha shina moja likue likatoa ua jeupe refu kama tarumbeta, afu tunda la kijani lenye miiba, mnanaha kabisa. Mnavu ua lake ni dogo kama nyota, katikati njano, na matunda ni vigololi vinakaa kwa vishada. Mnanaha ni sumu mmea mzima na mbegu ndo usiseme, mtu anakauka mdomo, mboni zinatanuka, anaweweseka, ukiona hivyo kimbiza hospitali na ubebe na tawi lenyewe. Kwa hiyo nusa, fikicha, lakini USIONJE.

Tano, simu. Piga picha ya ua, jani mbele na nyuma, tunda, kila kimoja peke yake, weka PlantNet au Google Lens, programu za simu zinazotambua mmea kwa picha. Chukua lile jina la kisayansi, kwa sababu majina yetu yanahama, mnavu ukifika Kenya ni managu na mgagani ni saga. Ila majibu ya simu ni ya kuanzia kutafuta, sio ruhusa ya kuweka sufuriani.

Ukikwama kabisa, kata tawi lenye ua na tunda, litandaze katikati ya magazeti, kandamiza na matofali, badilisha gazeti kila siku mpaka likauke. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makumbusho ya Taifa Nairobi wana hifadhi za mimea iliyokaushwa, ukienda na tawi lako andika kabisa umelitoa wapi, lini, na ua lilikuwa rangi gani, maana likikauka rangi inapotea.