Somo: Mpira wa mkojo unapokutoa damu

Somo hili ni la wanaojitoa mkojo wenyewe kwa mpira (katheta) wanaouingiza kibofuni: walioumia uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda au kuanguka mwembeni, waliozaliwa na mgongo wazi, wenye kisukari kilichoharibu neva za kibofu, na wengine ambao kibofu kimegoma kujikamua. Swali ninaloulizwa kila mara ni moja: "Sista, nimeona damu, niache?" Usiache. Badilisha unavyofanya, maana mara nyingi damu haiji kwa sababu ya mpira wenyewe. Inakuja kwa ukavu, haraka na nguvu.

Kwanza tutenganishe damu na damu. Matone machache kwenye ncha ya mpira, au mkojo wa pinki mara moja kisha ukasafika, hasa wiki za mwanzo, ni mchubuko mdogo. Kunywa maji, endelea na ratiba. Damu inayojirudia, damu yenye mabonge, mkojo mwekundu kama juisi ya rozela, homa na kutetemeka, maumivu ya ubavuni, au mpira kutotoa kitu huku kibofu kimejaa: hapo ni hospitali, siku hiyo hiyo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini, aongee na daktari wake hata kwa damu kidogo inayorudi.

Hatua ya 1: Mpira wenyewe. Duka la dawa uliza Nelaton, usio na puto. Ule wenye puto umetengenezwa kwa ajili ya kukaa ndani. Watu wazima wengi hutumia namba 12 au 14, na rangi ya kichwa chake kinachobaki nje inakuambia: nyeusi ni 10, nyeupe 12, kijani 14, ya machungwa 16. Namba ni unene tu. Namba 12 ni milimita 4. Kuna wanaoona mkojo unatoka polepole wakakimbilia namba kubwa. Sioni maana yake, dakika mbili zaidi chooni hazimuumizi mtu. Ila kwa mwanaume, mpira mwembamba mno nao hujikunja njiani. Baki na namba uliyopimiwa kliniki.

Hatua ya 2: Usafi. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, safisha sehemu za siri, kata kucha. Ukijihudumia mwenyewe huhitaji glavu. Na kama hujapata choo kwa siku kadhaa, shughulikia hilo pia: haja kubwa iliyojaa hubana kibofu na njia yake, na mpira hupita kwa shida.

Hatua ya 3: Jeli. Hapa ndipo ninapogombana na watu. Jeli ni ghali, kwa hiyo mtu anapaka nukta kwenye ncha, ikifika sentimita tano imeshafutika, na safari yote iliyobaki ni kavu. Mwanaume mrija wake wa mkojo, yaani njia ya mwilini unamopita mpira, una sentimita kama 20. Paka mpira kwa urefu, au weka jeli ndani ya tundu la mkojo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, usubiri kidogo. Mwanamke mrija wake ni kama sentimita 4, kidogo kinatosha. Iwe jeli ya maji. Vaselini haiyeyuki kwenye mkojo, inabaki kibofuni, tena inaharibu mipira ya lateksi. Mafuta ya nazi yabaki jikoni na kichwani. Kama maumivu ni makali, omba hospitali jeli yenye dawa ya ganzi, na uisubiri dakika chache ifanye kazi kabla ya kuingiza.

Hatua ya 4: Kuingiza. Mwanaume, inua uume uelekee tumboni, uunyooshe taratibu bila kuubana. Ukiuacha umelala, mrija unakuwa na kona. Sukuma polepole. Karibu na tezi dume utakuta ukinzani, ule ni msuli wa kufunga mkojo. Simama hapo. Vuta pumzi, ishushe, kohoa, au jaribu kama unayekojoa, huku mkono ukishikilia bila kusukuma. Msuli ukilegea mpira utapita. Usipopita, toa, pumzika, jaribu tena baadaye kidogo kwa jeli mpya. Kulazimisha ndiko kunakotoboa njia ya uongo pembeni ya mrija, na njia hiyo ikishakuwepo mpira utaifuata kila siku. Mwanamke, tundu liko kati ya kinembe na uke. Mwanzoni tumia kioo. Mkojo ukianza kutoka, ongeza sentimita mbili au tatu.

Wenzangu msiohisi chini ya kiuno, kukosa maumivu hakumaanishi hamjaumia. Mkono wenu uwe mwepesi mara mbili. Na aliyeumia uti juu ya usawa wa kifua katikati, akipata ghafla kichwa kuuma sana na jasho usoni, akae wima na kibofu kitolewe mkojo haraka. Ni presha imepanda, na isiposhuka ni dharura.

Hatua ya 5: Kutoa. Subiri mkojo ukome, vuta kidogo, subiri tena matone ya chini, kisha toa taratibu. Ukihisi umenaswa, usivute kwa nguvu: nyama laini ya kibofu imeingia kwenye vitundu vya ncha ya mpira. Usogeze ndani kidogo, uzungushe, utaachia.

Kuhusu ratiba: anayeogopa damu hupunguza safari, mara tano zinakuwa mbili. Ni kosa kubwa kuliko damu yenyewe. Mwaka 1972 Dk. Jack Lapides wa Michigan, Marekani, ndiye aliyeonyesha kwamba mtu anaweza kujihudumia kwa usafi wa kawaida wa sabuni bila vifaa vya chumba cha upasuaji, na hoja yake ilikuwa hii: kibofu kilichotanuka sana hukosa damu ya kutosha ukutani na hapo ndipo maambukizi yanapopata nafasi. Watu wazima wengi huenda mara 4 hadi 6 kwa siku, kibofu kisizidi mililita 400 au 500. Pima kwa kikombe chenye alama.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo sista. Nilisukuma kwa nguvu jana, damu ikatoka, leo mpira hauingii kabisa. Nijaribu na mdogo?*

Marahaba. Usijaribu tena nyumbani. Nenda hospitali yenye daktari wa mfumo wa mkojo, waambie ulilazimisha. Wanaweza kukuwekea mpira wa kukaa siku kadhaa njia ipone. Baadaye uliza kuhusu mpira wenye ncha iliyopinda. Huo ncha yake hutazama juu muda wote.

*Mimi ni mama wa miaka 58. Kila mara unaingia ukeni, na naumia.*

Dada, ukiingia ukeni uache hapo hapo kama alama, chukua mwingine safi uelekeze juu yake. Maumivu ya umri huo mara nyingi ni ukavu baada ya hedhi kukoma. Kuna krimu ya homoni ya kupaka, muulize daktari.

*Mipira ni bei. Narudia mmoja wiki nzima. Ndiyo sababu ya damu?*

Inawezekana. Umetengenezwa kutumika mara moja, ila najua hali zetu. Kama kliniki imekuruhusu kurudia, uoshe kwa sabuni mara tu ukimaliza, upitishe maji ndani, uutundike ukauke. Pitisha kidole kwenye vitundu: ukiwa umekakamaa, una mpasuko au unakwaruza, tupa. Na usimwazime mtu.

*Niko Pemba. Damu yangu inakuja mwishoni mwa mkojo, hata nikiwa mwangalifu. Nafanyia kazi kwenye mabonde ya mpunga.*

Kaka, hapo nashuku kichocho kabla ya kushuku mpira. Nenda ukapimwe mkojo, na sampuli itolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi. Dawa yake ni prazikwanteli. Majibu yakiwa safi na damu ikiendelea, omba uchunguzi wa kibofu kwa kamera, usikubali kupewa antibiotiki tu mara ya tatu.