Jinsi ya kufundisha meli ya ndege za kivita kwenye uwanja wa shule

Mimi nafundisha fizikia Dodoma, mbali na bahari, ila uwanja tunao. Pima mita 333, urefu wa meli ya Marekani ya kubeba ndege za kivita, aina ya Nimitz; eneo likiwa dogo, punguza kwa nusu. Chora sitaha kwa chokaa, pua ikielekea mashariki, upepo wetu unakotoka, kwani meli hurusha ndege ikikabili upepo.

Gawa fulana: njano waongoza ndege, zambarau wajaza mafuta, nyekundu washika silaha, kijani wa mitambo ya kurushia na nyaya za kunasia ndege. Kataza maneno, mikono tu. Kwa kelele za injini hakuna anayesikika.

Kutua ndiko kutamu, usikuharakishe. Chora njia ya kutua kimshazari, kisha tandaza kamba nne za katani kuikata, badala ya nyaya. Ndege hushusha ndoano ya mkiani inase waya mmoja. Waulize: rubani akigusa sitaha, apunguze moto? Wengi watasema ndiyo. Hapana, anaongeza hadi mwisho! Akikosa nyaya zote, lazima apae tena. Waache wabishane kwanza, ndipo ueleze.