Kabla Hujampa Mtu Shingo Yako: Kusoma Leseni ya Kairopraktiki Ukiwa Malindi

Mgeni amepanga chumba karibu na ufuo, ana kitanda cha kukandia, na ukutani ametundika cheti chenye mhuri wa dhahabu. Anasema yeye ni mtaalamu wa kairopraktiki, yaani kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Cheti kile, hata kiwe cha kweli, kinaonyesha alisoma tu. Leseni ni kitu kingine: inampa ruhusa ya kazi fulani, mahali fulani, mpaka tarehe fulani. Hayo matatu ndiyo ya kutafuta.

Anza na maswali. Jina lako kamili kama lilivyo kwenye rejista, yaani orodha rasmi ya wenye leseni, ni lipi? Namba ya leseni? Nchi gani? Akisema Marekani, muulize jimbo, kwa sababu kule hakuna leseni moja ya taifa zima. Kila jimbo lina mamlaka yake, na aliyesajiliwa Texas hafungui kliniki California kwa leseni ya Texas, sembuse Malindi. Mwenye kazi yake halali hujibu maswali haya bila kununa.

Kisha tafuta rejista mwenyewe. Usifungue kiungo alichokutumia kwa WhatsApp. Andika jina la bodi ya jimbo lake inayotoa leseni za kairopraktiki kwenye intaneti, ingia tovuti rasmi, utafute kwa jina la ukoo peke yake kwanza. Watu wengi hukosa jina kwa kuwa wameandika jina la kati ambalo halimo, au mwanamke amesajiliwa kwa jina la kabla ya ndoa. Ukimpata, soma mstari wa hali ya leseni. Active ni leseni hai. Inactive maana yake ameiweka kando na haruhusiwi kutibu. Expired imekwisha. Teremka mpaka chini uone kama kuna adhabu iliyoandikwa. Hapo ndipo wengi hawafiki. Uingereza ni rahisi zaidi: sheria ya 1994 inakataza mtu kujiita kairopraktika kama hayumo kwenye rejista ya General Chiropractic Council. Afrika Kusini, tafuta Allied Health Professions Council.

Mpaka wa kazi nao hutofautiana. Kunyoosha uti wa mgongo kunakubaliwa katika majimbo yote 50 ya Marekani, lakini Oregon inaruhusu hata upasuaji mdogo, na New Mexico inawaruhusu waliopata mafunzo ya ziada kuandika dawa chache. Kwingi, dawa za hospitali na visu si kazi yao kabisa. Kwa hiyo akikuambia uache vidonge vya presha au sukari, amevuka mpaka. Ondoka.

Sasa Kenya. Leseni ya ugenini haimpi mtu ruhusa hapa. Kituo cha matibabu kinapaswa kuwa na leseni ya KMPDC, Baraza la Madaktari, inayohuishwa kila mwaka. Tazama mwaka ulioandikwa na kama anwani ni ya chumba hichohicho ulichokaa. Mgeni anahitaji pia kibali cha kazi, na ruhusa ya kuingia kama mtalii si kibali. Akijiita mfiziotherapia, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi, hilo lina sheria yake ya 2014 na baraza lake, basi ulizia leseni ya baraza hilo. Kairopraktiki na fiziotherapia ni fani mbili, na mtu asiazime jina la nyingine.

Hata leseni ikiwa safi, kuna miili ya kutoguswa hivyo. Mgema aliyeanguka mnazini apigwe picha kwanza: mfupa uliopasuka ukisukumwa unaweza kuumiza uti. Mzee ambaye mifupa yake imedhoofika, vivyo hivyo. Maumivu ya mgongo pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho dawa yake iko hospitali. Na mtu anayekufa ganzi sehemu za siri, mkojo umegoma au miguu imeisha nguvu asisubiri hata usiku mmoja. Apelekwe hospitali kubwa ya Malindi, na aliye Lamu aende King Fahd.

Shingo tunaitaja peke yake. Kuizungusha kwa kishindo kunaweza, ingawa ni nadra, kupasua mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Una haki ya kusema, "Shingo usiiguse," na mtaalamu atakuhudumia bila hiyo. Ukitoka hapo ukashikwa na kizunguzungu kikali, ulimi mzito au kuona vitu viwiliwili, ni dharura.

Ukiumizwa, hifadhi risiti, ujumbe wa M-Pesa, tarehe na picha ya leseni iliyo ukutani. Malalamiko kuhusu kituo yapeleke KMPDC, na nakala uitume kwa bodi ya kwao, ukitaja namba ileile uliyomuuliza mwanzo.