Imeili ya kuomba kazi hotelini wakati hawakujui, na kufuatilia bila kuwa kero

Kama unapiga picha au unatengeneza tovuti na unawinda kazi za loji na hoteli za Arusha, Karatu au Zanzibar, imeili bado inalipa, tatizo ni tunavyoziandika. Mtu anaanza "husika na kichwa cha habari hapo juu", inafuata historia ya kampuni tangu isajiliwe BRELA, halafu chini kabandika profaili ya PDF ya MB 15. Meneja anasoma kwenye simu huku anapokea wageni, hiyo haifungui ng'o.

Kwanza jua unamwandikia nani. Ile ya info@ inasomwa na watu wa bukingi, kazi hawawezi kukupa, wakijisikia ndo wataifowadi. Piga simu mapokezi uulize tu, "samahani dada, mambo ya masoko anashughulika nani hapo, naweza kupata imeili yake?" Loji ndogo mara nyingi mwenye mali ndo kila kitu.

Kabla hujaandika pitia ukurasa wao wa Booking.com, Tripadvisor na Instagram utafute kitu kimoja kinachofanya wakose wageni. Kimoja jamani, ukimwaga makosa saba mtu anaona umekuja kumponda. Mfano:

Kichwa: Bwawa lenu halionekani Booking.com

"Habari za kazi. Nimeona wageni wanalisifia sana bwawa lenu kwenye maoni, ila picha za Booking.com bado zinaonyesha bustani ya zamani. Napiga picha za hoteli, nipo Arusha. Hizi tatu ni za loji niliyofanya nayo kazi Karatu: (linki). Bwawa na chumba kimoja ni kazi ya nusu siku. Nikutumie bei?"

Basi, imeisha. Angalia lile swali la mwisho, anaweza kulijibu "tuma" akiwa amesimama, wakati ukimwomba kikao cha saa nzima na hakujui atakwambia tutawasiliana, na hiyo wote tunajua maana yake.

Muda nao una mambo yake. Juni mpaka Oktoba ni msimu, wamebanwa, na mwanzoni mwa Juni wengi wako Karibu-KiliFair, yale maonyesho ya utalii, wanatafuta mawakala. Aprili na Mei, masika, loji nyingi zinafunga au zinafanya ukarabati, ndo bosi ana nafasi ya kusoma.

Usitume moja kwa hoteli 100 kwa BCC (nakala ya siri), itaangukia spamu. Na kama una domeni yako mwambie aliyekuwekea tovuti aseti SPF na DKIM, yaani mipangilio inayothibitisha kuwa imeili imetoka kwako kweli, maana tangu Februari 2024 Gmail imekaza kwa watumaji.

Sasa kufuatilia. Kimya sio hapana. Subiri siku nne tano za kazi, jibu palepale chini ya ile ya kwanza ili aione, na usije ukaandika "nakukumbusha tu imeili yangu", hiyo inamdai mtu deni ambalo hajakopa. Njoo na kitu kipya: "Nimeona Instagram mmeongeza mahema, hongereni. Nimesafisha picha yenu moja, nimeiambatanisha, itumieni tu bure." Ya tatu, baada ya wiki mbili hivi, aga vizuri: "naona sasa mmebanwa, nitawatafuta Machi kabla ya masika", na Machi ukweli uwatafute, andika kwenye kalenda maana utasahau. WhatsApp sawa kama namba ni ya ofisi na ni saa za kazi, ila sio Jumapili.

Akijibu "tuma bei", itume siku hiyohiyo, ndani ya imeili yenyewe, kwa shilingi, useme VAT imo au haimo. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, wataulizia tu, kwahiyo kama huna mashine waambie kabla hujabeba kamera kwenda huko, sio siku ya malipo.