Acheni kupima fanya juu kwa macho

Mwaka jana nilikuta kikundi kimoja cha kuhifadhi vyanzo vya maji, huku milimani Uluguru, kimechimba kwa siku mbili mita 300 za fanya juu, yaani mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu kuwa tuta. Watu arobaini, akina mama ndio wengi, kazi safi. Baada ya mvua kubwa ya kwanza ya vuli nikarudi. Tuta lilikuwa limepasuka sehemu nne, na chini ya kila mpasuko korongo jipya lilikuwa limeshuka moja kwa moja mpaka kijitoni. Nikauliza nani alipima mstari. Nikajibiwa, "Babu mmoja hapa ana jicho zuri, bwana shamba. Yeye alitangulia na jembe, sisi tukafuata."

Nimeshajibiwa hivyo mara nyingi mno, kwa maneno tofauti kidogo, ndiyo maana nawaandikia ninyi wa vikundi. Habari za kuacha kuchoma moto, kupanda miti inayopenda maji, kutolima kwenye kingo za mito, mnazijua na wengine mnazifundisha kuliko mimi. Kinachotuangusha ni mstari usiopimwa. Mtaro uliochimbwa nje ya usawa unaharibu kuliko kutochimba kabisa, kwa sababu maji ambayo yangeshuka yametawanyika shamba zima unayakusanya na kuyamwaga mahali pamoja.

Tupige hesabu, maana wapo wanaodhani natia chumvi. Chukua mtaro wa urefu wa mita 80, upana sm 60, kina sm 60. Ukiwa sawa kwa kipimo unabeba lita 28,800. Sasa mstari uinamie upande mmoja kwa asilimia 2 tu, yaani sm 2 kila mita 1, kitu ambacho hakuna jicho la binadamu litakalokiona mlimani. Maji yote yatakimbilia mwisho wa chini, na kama hamkuacha vizuizi ndani, mtaro utafurika pale ukiwa umebeba lita 5,400 tu. Nafasi iliyobaki ni jasho lenu la bure. Na shamba la mita 80 kwa 10 lililo juu yake, likipigwa na mvua ya milimita 30 na nusu ya maji ikateremka, linaleta lita 12,000. Hayo ni mapipa 60, na zaidi ya nusu yake yatamwagika nje ya mtaro kwenye kona ile ile. Halafu tunashangaa korongo limetoka wapi.

Jicho hudanganyika kwa sababu linafuata kilicho mbele yake: njia ya miguu, mistari ya mahindi ya msimu uliopita, mpaka wa jirani. Njia zetu karibu zote zinapanda au kushuka kidogo kidogo, na aliyezizoea tangu utoto anaona ni tambarare. Huyo babu simlaumu. Nawalaumu viongozi wa kikundi waliokuwa na kamba na fito na hawakuzitumia.

Kifaa hakina gharama. Kateni fito mbili zilizonyooka za mita 2, na moja ya mita 1.2. Fungeni zile ndefu kileleni zifanye herufi A, miguu iachane mita 2 kamili, na ile fupi ikae katikati kama mkono wa herufi. Kileleni fungeni uzi wenye jiwe, yaani timazi, jiwe lining'inie kama sm 20 chini ya ule mkono. Pigilieni misumari au kazeni kwa kamba mpaka fremu isicheze hata kidogo. Fremu inayocheza itupeni, tengenezeni nyingine.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hata wenye fremu wengi hukosea hapa. Fremu mpya haijui usawa mpaka ifundishwe. Simamisheni miguu yake kwenye vigingi viwili, wekeni alama pale uzi unapogusa mkono. Kisha igeuzeni, mguu wa kushoto ukae ulipokuwa wa kulia na wa kulia ulipokuwa wa kushoto, juu ya vigingi vile vile, na wekeni alama ya pili. Usawa ni katikati ya alama hizo mbili. Chongeni alama hiyo kwa kisu, msitumie mkaa unaofutika. Kuna kikundi kilikadiria katikati ya mkono kwa kuangalia tu, kikakosea kwa milimita 8. Milimita 8 pale juu ni karibu sm 2 chini kwenye mguu. Kila mita 2 mstari ukashuka karibu sm 2, na ulipofika mita 80 ulikuwa umeshuka zaidi ya sm 70. Watu wamepima siku nzima, wamepata matokeo ya jicho.

Dawa ya kosa dogo la namna hiyo ni kuitembeza fremu kama mtu anavyotembea: mguu mmoja unabaki kwenye kigingi, mwingine unazunguka kwenda mbele, kisha zamu inabadilika. Makosa yanafutana. Msiibebe mkaitua mguu ule ule ukitangulia kila mara. Pimeni asubuhi kabla upepo haujaanza kuchezesha jiwe, na uzi ukitikisika subirini utulie. Haraka ya nini?

Kwa wale wanaotumia kamba ya mita 10 na pima maji ya fundi uashi, sharti ni moja: pima maji likae mita 5 kutoka kila upande. Kamba hulegea, na likikaa pembeni linasoma ule ulegevu badala ya ardhi.

Umbali kati ya mtaro na mtaro nao si wa kubuni. Pimeni mteremko kwanza. Ardhi ikishuka mita 1 katika mita 10, ni asilimia 10. Gawanyeni asilimia hiyo kwa 4, ongezeni 2, zidisheni kwa 0.3; jibu ni mita za kushuka kutoka mtaro wa juu hadi unaofuata. Kwa asilimia 10 inatoka mita 1.35, sawa na mita 13.5 za shamba. Mteremko ukizidi hapo mimi siruhusu kushuka zaidi ya mita 1.8, hata kanuni ikitoa zaidi: kwa asilimia 20 wekeni mita 9, kwa asilimia 30 mita 6. Ukipita asilimia 35 msichimbe fanya juu kwa ajili ya mahindi. Pandeni kahawa, matunda, miti na mistari ya nyasi.

Anzeni juu kabisa, mshuke. Kila mwaka naona kikundi kinaanza chini karibu na barabara ili mgeni aone kazi, na mwaka unaofuata maji ya juu yanakuja kuifuta. Kama juu ya shamba kuna mwamba, njia au msitu unaomwaga maji, kwanza pawe na mfereji wa kukinga, ukishuka sm 50 katika mita 100 na si zaidi, kuelekea mkondo wa asili wenye nyasi. Kwa fremu yetu ni sm 1 kila hatua: fungeni kibao cha unene wa sm 1 chini ya mguu wa mbele. Hapa fremu haigeuzwi, mguu wenye kibao ndio unaotangulia siku zote, kwa hiyo ile alama ya usawa isiwe na kosa lolote. Na mfereji huo usiishie kwenye shamba la mtu.

Vigingi vikishasimama, mtaona mstari umepinda kama nyoka. Acheni upinde! Kigingi kimoja kilichochomoza kwa sababu ya kichuguu mnaweza kukisogeza kidogo. Lakini kunyoosha mstari mzima kwa kamba ili upendeze ni kurudi kwenye kupima kwa macho. Mlima haujanyooka.

Jambo jingine linahusu mipaka. Kila kaya ikipima kivyake, mtaro wa Mama huyu unaishia katikati ya shamba la yule, na maji yanamwagika humo. Ugomvi wa namna hii umevunja vikundi. Mstari upimwe mara moja kutoka upande mmoja wa bonde hadi mwingine, na watu wanne walewale waliofundishwa, kisha kila mwenye shamba achimbe kipande chake.

Wazee wa Matombo na Mgeta, huku huku Uluguru, wakisikia matuta hukunja uso, na wana haki. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi. Udongo wa chini usio na rutuba ukaletwa juu, mazao yakakataa, na mwaka 1955 ghasia zikazuka hadi mpango ukaachwa. Waelezeni kwa heshima kwamba fanya juu haipindui shamba zima. Unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, na ngazi inajijenga yenyewe kwa miaka kadhaa. Mstari ukiwa umeinama, ngazi nayo itajijenga imeinama.

Kuchimba: sm 60 kwa 60, acheni ukingo wa sm 30 kati ya mtaro na tuta, tuta liwe na kimo cha sm 50. Ndani ya mtaro acheni kizuizi cha udongo kila mita 10, kifupi kuliko tuta. Vizuizi ni bima ya kosa dogo la kipimo, wala haviondoi haja ya kupima. Juu ya tuta pandeni nyasi za Guatemala au mabingobingo mistari miwili, sm 30 kwa 30, wiki ya kwanza ya mvua, si mwezi wa pili wa mvua.

Muda mzuri wa kupima na kuchimba ni Juni na Julai, masika ikiwa imeisha na udongo bado una unyevu. Anayesubiri Septemba atapiga sururu kwenye jiwe, kisha atakimbizana na vuli na kuruka vipimo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Mtaro mzuri si kibali cha kulima humo. Udongo unaoteremka huku unaishia mto Ruvu, ambako Dar es Salaam inakunywa.

Mkipima vizuri mtaona maji yametulia mtaro mzima kwa kina kimoja.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, ingieni shambani siku hiyo hiyo mkiwa na vigingi. Maji yakisimama upande mmoja, wekeni alama pale yalipokomea, inueni tuta la upande wa chini, ongezeni vizuizi. Msingoje mkutano wa kikundi wa mwisho wa mwezi.